Kifungu cha Mwisho

Ofisini Mokowe, ukurasa wa arobaini na moja,
chini ya mabomba, chini ya mafuta ya boti ya wagonjwa,
chini hata ya chai ya wageni,
kuna mstari nilioupiga chapa mwenyewe:
*Utafiti wa pamoja, ubongo na uzee.*
Mwaka juzi ulikatwa. Mwaka jana ulikatwa.
Kalamu iliyoukata ilikuwa yangu;
mhasibu hukata anachoambiwa.

Nyumbani Langoni, mama yangu, Bi Mwanamkuu,
ananiita Famau.
Famau ni kaka yangu. Alikufa maji ana miaka saba,
mimi sijaota meno.
Naitika. Ningefanyaje?
Ukiitwa kwa mapenzi, huulizi jina.

Mtaani hatuna neno moja la haya.
Mwenye duka la mkaa husema, kafanya utoto.
Jirani wa juu husema upo mkono wa mtu.
Shemeji kaleta kombe la zafarani;
mama kalinywa, kalisifu,
kisha kauliza nani kalileta.
Hospitalini wameandika *uzee*,
wakapiga muhuri,
kama kwamba uzee ni jibu.

Ndipo wakaja watatu:
binti wa Mombasa, kijana wa chuo cha Dodoma,
na daktari wa Kisumu aliyewacheka samaki wetu kwa udogo.
Wakakaa barazani na maswali yao.
"Leo ni siku gani, mama?"
"Yeo ni bamvua."
Kijana akatafuta kisanduku cha bamvua. Hakipo.
"Tuko ghorofa ya ngapi?" akasoma,
akatazama makuti juu yake, akacheka yeye kwanza.
Akaonyesha picha ya kifaru.
"Punda wa nani huyu," mama akauliza,
"mbona kaota pembe?"
Sifuri.
Binti wa Mombasa akaifuta ile sifuri kwa ufutio,
akaandika pembeni: *swali ndilo lililokosea.*

Hiyo ndiyo kazi inayoombewa fedha.
Maswali yakatwe upya kwa kipimo cha vichwa vya huku.
Wazee mia tisa, Lamu na Dodoma na Kisumu, miaka mitano,
damu kidogo, picha za ubongo, nauli za boti.
Na sharti: theluthi itoke kwetu.
Tusipotoa, wale wawili nao wanafunga mfuko.
Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema,
na kidole chenyewe
kimelala kwenye kikokotoo changu.

Kikao cha bajeti. Mheshimiwa mmoja akauliza,
"Kusahau nako kunalipiwa?"
Wakacheka. Nami nilicheka. Mama, nisamehe.
Mwenyekiti hakucheka.
Alikuwa akikunja kona ya karatasi, akiikunjua.
"Hao watu," akasema, "wanafika Faza?"
Nikasema wanaweza kufika.
"Baba yangu anabandika birika tupu.
Mabirika matatu yameungua tangu Mfungo Mosi."
Hakuna aliyejua pa kuweka macho.

Theluthi ikawa nusu ya theluthi,
ya mwaka mmoja; iliyobaki *itafutwe.*
Sikushangilia. Nikaandika tarakimu kwa wino,
nikaikagua mara mbili, kama zote.

Mama bado anashona kofia za vito.
Jina langu limemtoka, tundu halijamtoka hata moja:
sindano inazama, inazunguka, inakaza,
na yeye anatazama ukutani.
Binti wa Mombasa alivipiga picha vile vidole dakika ishirini,
akasema humo mna swali
ambalo hawajajua kuliuliza.

Jana usiku kofia ilimalizika.
"Ndoo, Famau. Vaa."
Nikainama. Akaibana kwa viganja viwili,
ikanikalia utosini kama kifuniko cha kikombe.
Akarudi nyuma, akaitazama, akaridhika.

Asubuhi nimevuka nayo hadi Mokowe.
Mlinzi wa lango, ambaye miaka sita hunisalimu kwa jina,
akaniangalia kichwa,
akaniomba kitambulisho.